Kofia ya Viua Isiyovalika

SALMA: Assalaam alaykum wasikilizaji. Leo tumeahidi mambo matatu kwa anayetaka kusoma uzamivu kama Haji. Haji, miguu hiyo imekwaruzwa na nini?

HAJI: Mawe ya Paje, pwani ya Unguja. Juzi bamvua, maji yametoka mbali, nikenda kuitoa bodi yangu ya kupimia chumvi ya bahari niliyoifunga kwenye kigingi cha mwani.

SALMA: Ile kofia.

HAJI: Si kofia, yakhe! Bodi ya saketi. Juu yake vipete vya shaba, kila kimoja kina mwanya…

SALMA: Vidogo vidogo, vyote sawasawa, mstari kwa mstari. Babu yangu anashona hivyo hivyo barazani, anaviita viua. Tafauti yake, za babu zinauzwa.

HAJI: Basi na iwe kofia, nieleze. Wimbi la redio la gigahezi 3 hewani lina urefu wa sentimita 10. Kipete changu ni milimita chache. Kwa hivyo wimbi halikioni kimoja kimoja, linaiona bodi nzima kama kitu kimoja chenye mlio wake, yaani masafa yake ya redio inayoyaitikia, si sauti ya kusikika. Itie majini, mlio unashuka. Ukizidisha chumvi, mlio unafifia.

SALMA: Anayeivaa je?

HAJI: Salma.

SALMA: Haya, juzi ikawaje?

HAJI: Saa tano, jua kali, maji yamebaki ya kifundoni. Naangalia kompyuta, mlio umefifia na umepanda kidogo. Nikasema alhamdulillahi, chumvi imezidi, sura ya nne ya tasnifu yangu hiyo imepatikana! Mama mmoja aliyekuwa akifunga mwani kaniangalia, katia mkono majini, kaniambia: “Mwanangu, maji yamepata moto tu.”

SALMA: *(anacheka)* Bila kofia!

HAJI: Na kweli. Joto linaugeuza mlio karibu vile vile chumvi inavyougeuza. Nilikuwa sikutia kipimajoto pembeni.

SALMA: Miaka mitatu ya shahada ya uzamivu, umesahau kipimajoto?

HAJI: Sikusahau. Kiliharibika, nikaona siku moja si kitu.

SALMA: Sasa nikuulize kwa dhati. Mama yangu analima mwani tangu niko skuli. Kwa nini asipewe kipimajoto tu, cha bei ndogo, yakaisha?

HAJI: Joto ni jambo moja. Ikipiga masika, maji ya mvua yanapunguza chumvi pwani, na mwani unaanza kuwa mweupe kwa hilo pia. Nataka kitu kinachokaa baharini peke yake, hakina betri, unakisoma kwa mbali.

SALMA: Kwa mbali? Nimeuona waya, Haji.

HAJI: …Maji ya chumvi yanalimeza wimbi. Halimalizi upana wa vidole vinne. Kwa hivyo, ndiyo, kwa sasa waya upo.

SALMA: Kofia ina kamba!

HAJI: Lakini nisikilize. Mama wa juzi anajua maji ya leo. Ya mwaka juzi saa kama hiyo nani kayaandika? Kilimo hiki hapa Zanzibar kimeanza 1989, kotonii, ule mwani wa bei nzuri, imekufa huku watu wanatazama.

SALMA: Kotonii haikufa kwa kukosa daftari. Ilikufa kwa joto, na wanawake walisema mapema. Sasa wamebaki na spinosamu, mwani wa bei ya chini, na weye unawaletea vipete.

HAJI: Walisema, nani aliwasikiliza? Ungekuwa na namba, wangekusikiliza.

SALMA: Hapo ndipo unaponikera. Kwani mtu mzima hasikilizwi mpaka bodi iseme?

HAJI: Sikusema hivyo.

SALMA: Ndivyo ulivyosema.

HAJI: Sikubali.

SALMA: Wala mie.

*(kimya)*

HAJI: Tuliahidi mambo matatu kwa anayetaka kusoma uzamivu.

SALMA: Adhana hiyo. La kwanza lipi?

HAJI: Kipimajoto.

SALMA: Mengine yangoje. Nitilie bodi mkobani nimpelekee babu aikague.

HAJI: Waya usiung'oe.

SALMA: Atadhani shada.