Hatua Tisa za Thor: Tulipocheka na Tulipolia

ZUHURA: Karibu tena msikilizaji. Mimi ni Zuhura, niko na Faraji kama kawaida. Leo ni Thor, mungu wa radi wa hadithi za kale za Skandinavia, yule wa filamu za Marvel. Hatutazipitia zote nne, tutakaa kwenye zile mbili alizoongoza Taika Waititi: Thor: Ragnarok ya 2017 na Thor: Love and Thunder ya 2022. Na zaidi tutaongea jinsi sisi watazamaji tulivyozipokea.

FARAJI: Maana mapokezi yenyewe ni kisa. Mwongozaji yuleyule, Chris Hemsworth yuleyule, mizaha ya aina ileile. Ya kwanza ikashangiliwa, ya pili ikawagawa watu. Kule Marekani na Kanada kuna kampuni ya CinemaScore, inawauliza watazamaji wa mwanzo kabisa wanapotoka ukumbini, nao wanaipa filamu alama kama za mtihani. Ragnarok ilipata A. Love and Thunder ikapata B+.

ZUHURA: B+ mbona ni alama nzuri?

FARAJI: Shuleni, ndiyo. Lakini dada, anayewahi kiti siku ya kwanza ni shabiki. Huyo alikwisha ipenda filamu kabla hajaiona. Akitoka na B+ ujue kuna kitu kimemkwaza. Na wiki ya pili mapato ya Marekani yakaporomoka kwa zaidi ya asilimia 65.

ZUHURA: Sawa. Mimi kero yangu haikuanza 2022. Ilianza kwenye hiyo hiyo iliyopata A. Unakumbuka mwisho wa Ragnarok? Surtur, lile jitu la moto, anauchoma upanga wake ndani ya Asgard, nchi ya miungu. Watu wamesongamana ndani ya chombo, wanaangalia kwao kunavyoteketea. Hapo ukumbi wetu ulinyamaza, nami machozi yananilenga. Halafu Korg, yule mtu wa mawe, anasema madamu misingi bado imara, wataweza kujenga upya. Hajamaliza vizuri, mlipuko! Anasema basi, misingi nayo imekwenda.

FARAJI: Ukumbi ukaangua kicheko.

ZUHURA: Ukumbi mzima! Aliyekaa kulia kwangu alipiga makofi. Machozi yangu yakakatika hapo hapo, na nilitoka nje nikihisi nimenyang'anywa kitu.

FARAJI: Mimi nilicheka, na bado naitetea ile sehemu. Kwanza, Waititi mwenyewe ndiye sauti ya Korg. Ni kama mwongozaji ameingia ndani ya filamu akatushika bega, jamani, tutaendelea kuishi. Pili, Odin, baba yake Thor, alikwisha mwambia mwanawe kwamba Asgard si mahali. Asgard ni watu. Kwa hiyo majengo yakiungua, waliomo ndani ya chombo ndio Asgard yenyewe. Kicheko kinaruhusiwa.

ZUHURA: Nakuelewa, lakini...

FARAJI: Ngoja, sijamaliza. Hizo hadithi za kale za Skandinavia zenyewe zina vichekesho vya kuvunja mbavu. Wapo waliolalamika kwamba Waititi amemfanya mungu wa radi kuwa mchekeshaji. Wakasome kisa cha nyundo iliyoibwa!

ZUHURA: Cha Thrym. Simulia, simulia.

FARAJI: Thor anaamka, nyundo haipo. Jitu liitwalo Thrym limeiiba, limeifukia mbali chini ya ardhi, na linasema halirudishi mpaka lipewe Freyja, mungu wa kike wa mapenzi, awe mke wake. Freyja anakasirika, anavuta pumzi kwa hasira mpaka mkufu wake unakatika. Sasa miungu imekaa kikao, na Heimdall ndiye anayetoa wazo: tumvishe Thor nguo za bibi harusi.

ZUHURA: Heimdall, mlinzi mwenye heshima zake!

FARAJI: Huyo huyo. Basi Thor anafunikwa shela, Loki, yule mwenye hila, anakwenda kama mpambe wake. Kufika kwenye karamu, bibi harusi anamaliza ng'ombe mzima, samaki wanane wakubwa na mapipa matatu ya pombe ya asali. Bwana harusi anashangaa, mwanamke gani huyu? Mpambe anajibu haraka: hajala siku nane kwa hamu ya kuja kwako. Jitu linafunua shela limbusu, linakutana na macho yanawaka moto, linaruka nyuma. Mpambe tena: hajalala siku nane kwa hamu ya kuja kwako. Mwisho nyundo inaletwa imbariki bibi harusi, inawekwa mapajani mwake. Hapo ndoa ikavunjika na mafuvu nayo yakavunjika.

ZUHURA: Nakipenda mno kisa hicho. Na sikupingi hata kidogo kwamba Thor ni wa kuchekesha. Kwenye filamu ya kwanza, ya 2011, Kenneth Branagh alimpa nyundo yenye sharti, iinuliwe na anayestahili tu. Hadithi za kale hazina sharti hilo, ndiyo maana jitu likaweza kuiiba. Thor wa kale alikuwa mlaji, mwenye hasira za karibu, ndevu nyekundu, na anaibiwa kama mtu mwingine yeyote. Ila Faraji, angalia kicheko kile kimewekwa wapi. Kimewekwa harusini. Nenda sasa kwenye Ragnarök yenyewe, siku ya mwisho ya miungu, kama alivyoiandika Snorri Sturluson huko Iceland karne ya 13. Mbwa mwitu Fenrir anammeza Odin. Thor anapambana na joka Jormungandr, lile linaloizunguka dunia nzima. Analiua. Anapiga hatua tisa, anaanguka amekufa kwa sumu ya joka.

FARAJI: Hatua tisa.

ZUHURA: Tisa, zimehesabiwa! Msimulizi angeweza kusema tu akafa. Amekupa hatua tisa za kumsindikiza. Wewe unayesikiliza unajua ameshakufa, yeye bado anatembea. Inanikumbusha Liyongo wetu. Amechomwa sindano ya shaba kitovuni, anakwenda kisimani, anapiga goti, anavuta upinde, roho inamtoka akiwa vile vile. Watu wanakaa siku kadhaa bila kusogelea maji, wakidhani yu hai. Hakuna aliyeingiza mzaha pale.

FARAJI: Hapo umenibana.

ZUHURA: Na kujenga upya pia kumo, Korg hakulibuni. Baada ya moto, nchi inaibuka tena kutoka baharini, kijani kibichi. Miungu michache iliyosalia inatembea kwenye majani na inaokota kete za dhahabu, zile walizokuwa wakichezea zamani kabla ya yote. Kete tu, zimedondoka nyasini. Ungeweka picha hiyo pale, ukumbi mzima ungelia na kutabasamu kwa pamoja.

FARAJI: Hiyo ningeilipia tiketi mara mbili. Tusogee kwenye Love and Thunder, maana nadhani ndipo watazamaji wengi walipofika pale ulipokuwa wewe tangu 2017. Mfano wale mbuzi wanaopiga mayowe. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya tano nikawa naangalia saa.

ZUHURA: Na mbuzi wale wana kisa kizuri ajabu! Thor anafika kwa mkulima jioni, anawachinja mbuzi wanaovuta gari lake, wanakula wote pamoja na familia. Sharti lake moja: mifupa itupwe kwenye ngozi, isivunjwe. Asubuhi anainua nyundo juu ya ngozi, mbuzi wanasimama wazima. Mmoja anachechemea. Mtoto wa mkulima, Thjalfi, alipasua mfupa wa paja usiku ule apate uboho.

FARAJI: Njaa ya kijana.

ZUHURA: Njaa ya kijana, na mungu anaona kilema cha mbuzi wake akajua. Filamu imechukua mbuzi, ikaacha mfupa.

FARAJI: Lakini ndani ya filamu hiyo hiyo kuna Jane Foster, mpenzi wa zamani wa Thor, na kwa Jane mimi siwaelewi waliotoka wakisema haina moyo. Natalie Portman anacheza mwanamke mwenye saratani hatua ya nne. Nyundo iliyovunjwa inajiunga tena kwa ajili yake, inampa misuli, nywele, nguvu. Na kila akiishika, inaumaliza mwili uliotakiwa kupigana na ugonjwa. Anaambiwa abaki kitandani. Anakwenda vitani.

ZUHURA: Anafia mikononi mwa Thor, mwili unageuka vumbi la dhahabu. Pale hakuna aliyetania.

FARAJI: Hakuna. Waititi alinyamaza! Sasa rudi nyuma kidogo ndani ya filamu. Sif, shujaa mwenzake Thor, amekatwa mkono, amelala, anataka kufa hapo ili aingie Valhalla, ukumbi wa mashujaa waliokufa. Thor anamwambia kuingia Valhalla lazima ufie vitani, wewe umepona, labda mkono wako ndio uko Valhalla. Ukumbini kwetu watu walicheka sana. Lakini utani ule umetupa sheria. Na sheria hiyo ina mizizi: Snorri anasema wanaokufa kwa maradhi au uzee wanakwenda kwa Hel, mtawala wa kuzimu, siyo Valhalla.

ZUHURA: Hel, ambaye ni binti wa Loki. Kwenye Ragnarok wakamfanya dada yake Thor. Wasomaji wa hadithi za kale walikereka, mimi kwa sababu ya Cate Blanchett nilisamehe.

FARAJI: Sasa Jane amekufa na nini? Saratani, au vita?

ZUHURA: Mm.

FARAJI: Nilisubiri majina yote yapite mpaka mwisho ili nijue. Na pale mwisho yuko Heimdall, Idris Elba, aliyeuawa na Thanos kwenye ile Infinity War ya 2018. Wapo waliopinga mtu mweusi kumwigiza Heimdall tangu filamu ya kwanza, eti maandishi ya kale yanamwita mungu mweupe. Nywele za dhahabu za Hemsworth badala ya ndevu nyekundu hazikuwasumbua. Tuliache hilo. Heimdall anamtazama Jane, anamwambia, naona sasa umekufa.

ZUHURA: Halafu anamshukuru kwa kumtunza mwanawe.

FARAJI: Halafu anamkaribisha Valhalla. Mimi, dada, hiyo sehemu niliirudia nyumbani na mama mdogo wangu. Wakati huo alikuwa kwenye dripu za kemo, nywele zimekwisha, tunaangalia chumbani kwake kwa sababu sebuleni baridi. Kwenye mbuzi alisinzia. Jane alipokufa alikuwa macho, kimya, kanishika mkono. Nilitaka kuzima, akasema acha. Majina yakapita yote. Heimdall akasema, naona sasa umekufa.

ZUHURA: Akafanyaje?

FARAJI: Alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia, irudishe.