Helle Sofie Sagøy na uwanja mzima wa SL4

ZAWADI: Karibuni wapenzi wa mchezo wa vinyoya, yaani badminton. Leo tuko Norway, kwa Helle Sofie Sagøy, mchezaji wa mmoja mmoja daraja la SL4 katika badminton ya watu wenye ulemavu. Kaka Bakari, tuanze na hilo daraja, maana wengi hulichanganya na SL3.

BAKARI: Kweli wanalichanganya, dada. Madaraja yote mawili ni ya wenye ulemavu wa miguu wanaocheza wakiwa wamesimama. Wa SL3 ulemavu wao ni mkubwa zaidi, kwa hiyo mmoja mmoja wanacheza nusu uwanja: upana unakatwa, urefu unabaki. Wa SL4 hapunguziwi kitu. Sagøy analinda mita 5.18 za upana na mita 6.7 kutoka kwenye wavu hadi mstari wa nyuma, sawasawa na mchezaji asiye na ulemavu.

ZAWADI: Na wavu?

BAKARI: Uleule, mita 1.524 katikati.

ZAWADI: Basi mpinzani anajua pa kukubana. Anakupeleka kona ya nyuma kushoto, kisha anadondosha mbele kulia.

BAKARI: Hapo ndipo penye kazi. Hatua ya mwisho kuelekea wavuni ni ndefu, na mguu wa upande wa raketi ndio unaotangulia. Kisigino kinatua kwanza, vidole vinaelekea kwenye kinyoya, uzito wote unashukia hapo, halafu mguu huohuo unakusukuma urudi katikati. Kama ndio ulio dhaifu, goti linaingia ndani, kiwiliwili kinapitiliza mbele, na pigo linalofuata linakukuta bado umeinama.

ZAWADI: Dawa yake?

BAKARI: Hatua mbili fupi badala ya moja ndefu, na kukiwahi kinyoya kikiwa bado juu, karibu na ukingo wa wavu. Ukikisubiri kishuke hadi usawa wa goti, lazima uiname. Lingine ni kile kiruko kidogo cha miguu miwili cha kujiweka tayari: ufanye pale raketi ya mpinzani inapogusa kinyoya. Ukiwahi mno, umeshatua na umeganda. Ukichelewa, uko hewani kinyoya kinapopita.

ZAWADI: Nami naongeza pigo la juu la kwenda nyuma kabisa. Linakununulia muda wa kurudi katikati. Likiishia nusu ya uwanja, jiandae kupigwa smashi, lile pigo kali la kushusha kinyoya chini.

BAKARI: Na hilo linategemea kinyoya chenyewe. Kabla ya mechi kinajaribiwa: unasimama mstari wa nyuma, unapiga kutoka chini kwa nguvu zote, sambamba na mstari wa pembeni. Kinatakiwa kitue sentimita 53 hadi 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili. Ukumbi ukiwa na joto hewa inakuwa nyepesi, kinyoya kinaruka mbali zaidi. Pigo la juu lililokuokoa jana leo linatoka nje.

ZAWADI: Sasa Paralimpiki.

BAKARI: Badminton iliingia Paralimpiki kwa mara ya kwanza Tokyo, mwaka 2021. SL4 wanawake, dhahabu ilikwenda kwa Cheng Hefang wa China, fedha kwa Leani Ratri Oktila wa Indonesia, shaba kwa Ma Huihui, naye wa China. Sagøy hakupata medali. Paris 2024, dhahabu na fedha zikabaki kwa walewale wawili, na shaba akaichukua yeye.

ZAWADI: Mimi shaba hiyo naiheshimu sana. Jukwaa lilikuwa la China na Indonesia, nchi ambazo badminton iko kwenye damu, naye akapanda akitokea Norway, nchi ya theluji na skii.

BAKARI: Nami pia, dada. Na kwa walioko Kampala: mashindano ya kimataifa ya badminton ya watu wenye ulemavu huchezwa pale. Mkienda, acheni kidogo kufuata kinyoya, tazameni miguu ya wachezaji wa SL4 baada ya kila pigo la wavuni.