Moyo ndani ya kompyuta: kuikamata sumu kabla dawa haijamezwa

Mwenyekiti, walimu wangu, shikamooni. Na ninyi wanafunzi wa famasia mliobanana hapo mlangoni, sogeeni, viti vya mbele haviumi.

Naanza na kisa kilichochapishwa Marekani mwaka 1990. Mama wa miaka 39 alikuwa akimeza terfenadini, dawa ya aleji iliyopendwa kwa sababu haikuleta usingizi. Akaongeza ketokonazoli, ile ya fangasi. Akaanza kuzirai. Alipopimwa umeme wa moyo, mistari ilionekana imejisokota kama kamba ya katani.

Kilichotokea ni hiki. Kwa kawaida ini huibadilisha karibu terfenadini yote kabla haijafika kwenye mzunguko wa damu. Ketokonazoli ikakifunga kile kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, na terfenadini ikapita mbichi mpaka kwenye moyo. Huko kuna vilango vidogo sana kwenye seli, vinavyotoa potasiamu nje baada ya kila pigo ili seli ijiandae kwa pigo linalofuata. Terfenadini iliingia humo ikakaa kama kizibo. Kufikia 1998 dawa hiyo ilikuwa imeondolewa kwenye soko la Marekani.

Kilango hicho kinaitwa hERG. Jina lenyewe ni mzaha: nzi wa maabara wenye hitilafu kwenye jeni ya jamii hiyo, wakinusishwa etha, hutetemesha miguu kama wacheza dansi wa klabu za miaka ya 1960, na watafiti wakawapa jina la dansi hiyo, ether-à-go-go; ndiyo herufi ERG, na h ni ya “human”, yaani binadamu. Wanasayansi nao wana utani wao.

Sasa mchungulie ndani ya kilango. Uwazi wake ni mpana, na kutani zimo pete za kikaboni zinazopenda mafuta. Molekuli yenye nitrojeni ya kibesi, yaani yenye tabia ya kinyume cha asidi, na yenye pete zake yenyewe, huingia ikanata. Ndiyo maana dawa nyingi zisizohusiana kabisa, za aleji, za tumbo, za akili, zimekamatwa kwa kosa moja. Na hapa ndipo kompyuta ilipoanza kulipa. Ukiwa na maelfu ya molekuli zilizokwisha kupimwa, unaifundisha programu itambue sura ya mkosaji. Mkemia anachora molekuli kwenye skrini asubuhi, hajagusa chupa hata moja, na programu inamwambia: hii itanata. Anabadilisha kona moja, anauliza tena. Mfano mzuri uko kwenye kisa chetu hichohicho: ini linapoigeuza terfenadini, linaweka kundi la asidi kwenye ncha yake moja. Kinachotoka ni feksofenadini, ambayo bado inatuliza aleji lakini kwenye hERG hainati. Leo mnaiuza madukani.

Lakini kuna mtego. Mwaka 2005 miongozo ya kimataifa iliweka hERG na kile kipimo cha QT, yaani muda ambao moyo unachukua kujiandaa upya kwa umeme baada ya pigo, mbele ya kila dawa mpya, na viwanda vikaogopa. Molekuli ikionekana inagusa hERG, inatupwa. Basi mnieleze habari ya verapamili, dawa ya moyo na shinikizo la damu. Inaziba hERG vizuri tu, kwa viwango vinavyokaribia vile vya mgonjwa, na haina sifa ya kusokota mapigo. Kwa nini? Kwa sababu inaziba pia mlango wa kalsiamu, na milango hiyo miwili inasawazishana. Aliyechungulia mlango mmoja ameiona hatari; aliyeitazama seli nzima ameiona dawa.

Kuitazama seli nzima ni kazi ya milinganyo. Mwanafiziolojia Mwingereza, Denis Noble, aliiandika ya kwanza kwa moyo mwaka 1960, akitumia kompyuta ya Chuo Kikuu cha London kwa zamu za usiku wa manane. Mwaka 2011 ikatoka modeli ya seli ya moyo wa binadamu iliyojengwa kwa vipimo vya mioyo zaidi ya 100 isiyo na ugonjwa. Unaiambia: dawa hii inaziba mlango huu kwa kiasi hiki, na ule kwa kiasi kile. Yenyewe inapiga pigo baada ya pigo, unaangalia kama linavurugika. Watafiti wa Oxford walijaribu dawa 62 kwa njia ya namna hiyo, wakachapisha mwaka 2017: walipatia kwa asilimia 89 kutabiri ipi ina hatari ya kuvuruga mapigo, ilhali majaribio ya sungura yaliyokuwepo yalipatia 75.

Msinipigie makofi bado. Moyo ni rahisi kwa sababu umeme wake tunaujua. Kwenye ini bado tunapapasa; troglitazoni, dawa ya kisukari, iliingia sokoni Marekani 1997 na kutolewa 2000 baada ya kuharibu maini ya watu, na sumu ya namna hiyo bado inatusumbua hata sasa.

Namalizia na dawa mnayoijua: dihidroatemisinini na piperakwini, ya malaria. Piperakwini inaziba hERG na inarefusha QT. Kwa kipimo cha mlango mmoja isingefika kwa mgonjwa. Shirika la Afya Duniani liliipitia mwaka 2016, na katika watu karibu 200,000 waliofuatiliwa kikapatikana kifo kimoja cha ghafla kilichohofiwa kuhusiana nayo. Ila mafuta ya chakula yanaongeza kiasi chake kinachoingia kwenye damu. Kwa hiyo mteja akija na cheti, mwambie asiimeze pamoja na chakula. Mseto mwingine wa malaria mnaouita ALu, yaani atemetha na lumefantrini, ni kinyume chake, huo unataka maziwa au chakula chenye mafuta. Msizichanganye.

Haya, dada wa pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja sungura.