Ukimtoa Nguruwe Sufuriani, Kazi Yake Anafanya Nani?

Karibuni, kaeni. Mada niliyopewa ni mapishi ya nyumbani ya Kusini mwa Marekani na namna yanavyopikwa kisasa. Waliowahi kunisikia wanajua naanzia wapi: sufuria ya mboga za majani. Naona mnacheka. Chekeni, lakini kila mwaka naletewa majani yale yale yasiyo na ladha.

Majani yenyewe mnayajua. Kolardi ya Georgia na sukuma wiki ya Nairobi ni mboga za ukoo mmoja, na wengi wenu mnaoishi Marekani mnainunua kolardi mkiiita sukuma. Tofauti ni sufuria. Sisi tunakaanga dakika chache na kitunguu na nyanya. Wao huchemsha saa nzima na zaidi, pamoja na kifundo cha mguu wa nguruwe kilichotiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi. Sasa anakuja mpishi wa leo. Ana presha, au dini yake haimruhusu nguruwe, au hali nyama kabisa. Ana haki zote. Anafanyaje? Anamtoa nguruwe, haweki kitu, kisha anatuandalia majani ya wodini na kutuambia ndiyo kisasa.

Kile kifundo kilikuwa kinafanya kazi nne. Kinatia chumvi. Kinatia moshi. Kinatia mafuta. Na ya nne, ambayo kila mtu huisahau: ngozi na mishipa yake huyeyuka polepole na kuipa supu uzito, hata ukiilaza kwenye friji asubuhi unaikuta imeganda. Ukikiondoa, kazi nne zimebaki hazina mtu. Ziajirie wengine.

Anayekula kuku na jamii yake, achukue bata mzinga aliyekaushwa kwa moshi: mabawa au shingo, gramu 700. Si kidari! Kidari hakina ngozi wala mishipa ya kutosha. Kitakupa moshi na chumvi, basi, na nyama yenyewe itakuwa kamba. Weka mabawa katika lita 2 za maji, kitunguu kimoja, pilipili kavu moja, moto mdogo, saa moja na nusu. Majani bado yako kwenye beseni. Hapa ndipo wengi huharibu: wanatumbukiza vyote kwa pamoja, majani yanaiva kabla supu haijawa supu. Mfupa ukianza kuachana na nyama, ndipo utie majani kilo 1, yaliyotolewa mishipa ya kati na kukatwa upana wa vidole viwili. Dakika 45, au 60 kama ni makomavu. Nyama itoe, ichambue, irudishe. Chumvi onja mwisho kabisa, kwa sababu bata mzinga huyo ameshakuja na yake. Siki vijiko 2 vya chakula, nayo mwisho: ukiitia mapema, ukali wake unayazuia majani kulainika, na utachemsha hadi Isha.

Na kuosha: maji matatu, na kila mara nyanyua majani kutoka majini. Ukimimina beseni lote kwenye chujio, mchanga uliokuwa umetulia chini unaumwagia tena juu.

Namwona mama pale anatikisa kichwa: "Saa nzima, vitamini zote zimekufa." Vitamini C, kweli, nyingi inapotea kwa moto. Madini hayafi, baadhi yanahamia majini. Ndiyo maana maji yale hayamwagwi. Yana jina lake, potlika, na yana heshima yake. Mwaka 1931 Huey Long, gavana wa Louisiana, alibishana hadharani na gazeti la Atlanta Constitution: mkate wa mahindi uchovywe kwenye potlika au ufikichwe ndani yake? Long alishika kuchovya, gazeti likashika kufikicha, na wasomaji wakaingia kwa barua. Hakuna upande uliosema imwagwe. Leo nakuta mtu anachuja majani kwenye sinki kama tambi! Na usiniambie unatia magadi ili yaive haraka. Yatabaki kijani kibichi cha kupendeza na yatateleza kama bamia.

Asiyekula nyama kabisa ana kazi kubwa zaidi, lakini inawezekana. Mafuta vijiko 4 vya chakula, usione haya, huna mafuta mengine humo. Kaanga vitunguu viwili hadi viwe rangi ya kahawa, dakika 15 au 20, si vile vya kupauka. Epua. Sasa tia paprika ya moshi, yaani unga wa pilipili nyekundu zilizokaushwa kwa moshi, vijiko 2 vidogo, koroga kwenye mafuta hayo ya moto. Kwa nini nje ya moto? Paprika huungua upesi na ikiungua ni chungu. Kwa nini kwenye mafuta na si majini? Harufu ya moshi hushika mafuta kuliko maji. Ukiinyunyiza juu ya majani yaliyokwisha iva, utapata rangi tu. Halafu uyoga mkavu gramu 15 uliolowekwa, pamoja na maji yake, kisha majani. Na ule uzito wa supu? Chukua kikombe kimoja cha kunde zilizoiva, zisage laini, zirudishe. Kunde si mgeni pale. Zilifika Kusini kutoka Afrika Magharibi enzi za biashara ya utumwa. Moshi wa chupa, kile kiungo cha maji chenye harufu ya moshi, matone 3. Ukitia kijiko, chakula kitanuka nyumba iliyoungua.

Nimebakiwa na muda gani? Haya, mkate wa mahindi, upesi. Unga wa mahindi uliosagwa kwa jiwe vikombe 2, mtindi kikombe kimoja na nusu, yai moja, chumvi, bekingi pauda kijiko kidogo, bekingi soda nusu. Kikaango cha chuma kikae ndani ya oveni ya nyuzi 230 hadi kiwake, mafuta vijiko 3, ndipo umimine. Usiposikia mchirizo, toa, pasha tena. Kikaango baridi ndicho kinachofanya mkate ugande chini. Dakika 20 hadi 25. Sukari? Tuliliongea mwaka jana, tukakosana. Nasema hivi: unga ukiwa mzuri hauihitaji.

Gritsi, uji mzito wa chenga za mahindi: sehemu 1 kwa maji 4, uloweke usiku, uondoe makapi yanayoelea, saa moja moto mdogo. Msisonge. Si ugali.

Kuku wa mashine ya hewa moto (air fryer) niliahidi, lakini nimeonyeshwa saa. Neno moja: unga mkavu upuliziwe mafuta hadi usionekane mweupe popote, maana palipo peupe hapaivi. Rojo la unga usilijaribu, litadondoka lote chini.

Sufuria mbili ziko meza ya nyuma, ya mabawa na ya kunde, na vikombe vya potlika vipo. Mkate umekatwa. Anayechovya achovye, anayefikicha afikiche, ila atakayekwenda na kikombe chake kwenye sinki nitamwona.