Kidaka cha karatasi: kisanduku cha mapambo chenye jahazi, hatua kwa hatua

Assalaam aleikum, hamjambo nyote. Karibuni. Leo niko nyumbani hapa Lamu mjini, meza nimeisogeza hadi dirishani, na juu yake mnaona boksi la mbao, karatasi za manila, makopo ya rangi na champali, yaani ndala, moja kuukuu iliyokatika mkanda. Hiyo champali ina kazi kubwa humu, tutaifikia.

Tunachotengeneza ni kisanduku kilicho wazi mbele. Ndani yake tunapanga picha ya karatasi, tabaka nyuma ya tabaka, na kati ya tabaka moja na jingine tunaacha mwanya. Wenzetu wa ng'ambo hukiita kisanduku cha kivuli. Mimi nakiita kidaka cha karatasi, kwa sababu aliyekulia Lamu ameshakiona kitu hiki ukutani. Zile zidaka za nyumba za mawe, yaani vishubaka vya ukutani vilivyochongwa kwenye lipu ya chokaa, hazikupakwa rangi yoyote. Ukuta ni mweupe mtupu. Lakini kila kidaka kina kijivu chake, na pembeni pana weusi kidogo, kwa sababu kimezama ndani na mwanga haukifikii wote. Ukipata nafasi ingia Nyumba ya Makumbusho ya Waswahili hapa mjini, simama kiwandani, yaani uani, utazame ndani: kuna msana wa tini, ukumbi wa chini, unapanda daraja, yaani kipandio, kuna msana wa yuu, ukumbi wa juu, unapanda tena, ndipo chumba cha ndani. Kila daraja mwanga unapungua. Hilo ndilo tunaloiga leo. Kivuli ndiyo rangi yetu ya kwanza, hizi za kopo ni za pili.

Basi tuanze na vifaa. Boksi langu lina upana wa sentimita 20, urefu wa kwenda juu 15, na kina cha sentimita 5. Nilikatiwa na seremala kwa masalio ya mbao. Kama huna mbao, boksi la viatu linafaa, lakini lizungushie kadibodi ya pili kwa nje lisije likapinda. Karatasi nne za manila, zile nzito. Rangi ya akriliki: nyeupe, buluu, kahawia, kijani na nyeusi. Gundi nyeupe ya seremala, rula ya chuma, penseli, sponji, wembe mpya. Nasisitiza mpya. Wembe butu hauikati karatasi, unaichana, na ule mchaniko utaonekana hata ukiupaka rangi.

Na raba mbili za kufutia, hizi za wanafunzi. Ndizo mihuri yetu. Wengine wakisikia stempu wanafikiri ni zile za barua. Hapana, sisi tunachonga mihuri wenyewe.

Sogeeni karibu hapa. Nachora waridi kwenye raba kwa penseli: duara, nukta katikati, petali sita. Ni lile waridi mnaloliona kwenye milango yetu ya kuchonga. Sasa wembe. Siukamati wima, naulaza kidogo, ncha ielekee nje ya petali. Napita mstari mara moja, kisha narudi upande wa pili nikiulaza kinyume, na mikato miwili inakutana chini. Mnaona? Kinatoka kijiti cha raba chembamba kama uzi wa tambi. Kina chake ni milimita mbili tu, usizidishe. Ukichimba chini ya petali itakuwa haina nguzo, na ukigonga muhuri itajikunja, utapata waridi lililopofuka jicho moja. Polepole. Mkono uliokamata raba uwe nyuma ya wembe, usiwe mbele yake kabisa, hasa kama unafanya na watoto. Watoto wadogo wapeni kiazi kilichokatwa nusu na kijiko, kinatosha.

Raba ya pili nachonga lile duara lenye nyota na mwezi linalowekwa omoni, yaani sehemu ya mbele, mwa majahazi. Kumbukeni kwamba muhuri hugeuza picha. Mwezi ukiutaka utazame kulia, uchonge ukitazama kushoto.

Tukiacha mihuri hapo, tupange picha. Tabaka la nyuma kabisa ni mbingu. La pili ni kisiwa cha Manda, mstari wa mikoko ng'ambo ya mkondo. La tatu ni bahari yenye jahazi. La nne, la mbele, ni upinde wa mlango, kana kwamba umesimama kivulini ndani ya nyumba unatazama pwani. Karatasi zote nne nazikata kipimo kimoja, sentimita 19 na nusu kwa 14 na nusu, ili ziingie bila kulazimishwa.

Hapa wengi hukosea, kwa hiyo nisikilizeni. Kata upinde wa mbele kwanza. Uweke juu ya karatasi ya jahazi, pitisha penseli ndani ya upinde, ndipo uchore jahazi ndani ya alama hiyo. Ukianza nyuma ukaja mbele, utachora jahazi zuri, kisha upinde ulifunike tanga nusu. Na kila karatasi iacheni na ukingo wa sentimita moja na nusu pembeni zote, kama fremu. Ukingo huo ndio utakaobeba vikanyagio vyetu, yaani vipande vya kutenganisha tabaka, na ndio unaoficha yote yaliyo nyuma.

Katika kukata, anza na matundu ya ndani, malizia na mistari mikubwa. Kwenye kona ya upinde, usiuzungushe wembe; mkono uache palepale uizungushe karatasi. Jahazi langu limeshikana na bahari kwa chini, na ncha ya foramali, ule mti unaobeba tanga, nimeigusisha ukingoni juu. Isingegusa, tanga lingelala mbele baada ya wiki mbili kwa huu unyevu wetu wa bahari.

Sasa rangi, na hapa nina somo nililolilipia. Kisanduku changu cha kwanza kabisa niligonga mihuri kwanza, kwa wino wa ofisini wa zambarau, kisha nikapaka rangi ya maji juu. Wino ule unayeyuka kwa maji. Jahazi zima likageuka zambarau, na bahari pia, kazi ya siku mbili ikaenda. Kwa hiyo: rangi kwanza, ikauke kabisa, muhuri mwisho.

Mbingu: nyeupe nyingi, buluu tone. Ipake kwa sponji, si brashi, ukigonga-gonga, juu ikolee kidogo na chini karibu na maji ibaki karibu nyeupe. Manda: watu hutaka kuupaka mkoko kijani cha kopo. Tazama dirishani. Mkoko wa mbali si kijani hicho, una vumbi la buluu na kijivu. Changanya kijani, nyeupe, na buluu ile ile ya mbingu. Cha mbali kipauke, cha karibu kikolee. Bila hivyo hata uache mwanya wa shubiri picha itaonekana bapa.

Bahari na jahazi ni rahisi, nitapita haraka. Bahari buluu yenye kijani, jahazi kahawia, tanga jeupe lililochafuka. Nasema limechafuka kwa maana: usitumie nyeupe ya kopo peke yake, itie kahawia kwa ncha ya kijiti. Na upinde wa mbele hivyo hivyo, uwe na rangi ya chokaa iliyokaa miaka. Maji yawe kidogo kwenye brashi. Manila ikilowa inajikunja, na hapa kwetu haikauki upesi, hasa upepo wa kusi ukiwa na mvua zake. Nikimaliza kila karatasi naipaka na mgongo pia, mkono mmoja mwepesi, ili pande zote mbili zivutane sawa isipinde. Kisha chini ya vitabu vizito usiku kucha, na karatasi safi katikati.

Zimekauka. Tugonge mihuri. Rangi ya kahawia nimeitandaza kwenye sponji bapa. Muhuri unagusa sponji, hauchovywi koponi. Jaribu mara tatu kwenye gazeti. Ya kwanza huwa imejaa mno, ya pili ndiyo. Kwenye upinde msianze chini kushoto mkazunguka. Anzeni kileleni katikati, waridi moja, kisha moja kulia, moja kushoto, mkishuka hivyo hivyo. Hata nafasi ikibaki mwishoni, inabaki sawa pande zote, na jicho haliioni. Bonyeza wima, hesabu moja mbili, inua wima. Ukisukasuka utapata kivuli cha wino, na hicho si kivuli tunachokitaka. Ile nyota na mwezi naigonga mara moja tu, omoni, hapo.

Sasa champali. Kwenye fukwe zetu bahari hutupa champali nyingi kuliko kombe. Ndizo zilizolivika lile jahazi la plastiki lililoundwa hapa Lamu, Flipflopi, lililoingizwa majini mwaka 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Mimi naziosha kwa sabuni, nazianika, kisha nazikata vipande vya upana wa sentimita moja. Soli yangu ina unene wa milimita 12. Ni nyepesi, hainywi maji, haioti ukungu kama kadibodi, na wadudu hawaitaki. Sijaona kikanyagio kizuri kuliko hiki.

Mianya yetu haitalingana. Wengi huilinganisha, na kwa maoni yangu ndiyo sababu kazi zao zinafanana na rafu ya duka. Kati ya mbingu na Manda naweka nusu ya unene, milimita 6. Soli nimeipasua kwa wembe. Kati ya Manda na jahazi, soli moja, 12. Kati ya jahazi na upinde, soli mbili juu ya nyingine, 24. Jumla milimita 42, na boksi lina 50, kwa hiyo mbele panabaki nafasi ya kutosha kuingiza kioo ukitaka. Vya mbali viwe vimebanana, cha karibu kisimame peke yake, ndivyo macho yanavyoona ukiwa mlangoni. Na ule mwanya mpana nyuma ya upinde ndio utakaoruhusu kivuli kuteremka juu ya jahazi.

Kuta za ndani ya boksi nimezipaka buluu iliyokolea, karibu nyeusi, zisipigane na picha. Gandisha mbingu kwanza. Gundi kwenye vipande vya champali, si kwenye karatasi, mstari mwembamba. Vipande viwili kila upande, viwili chini, viwili juu, vyote nyuma ya ukingo. Kabla ya gundi ya tabaka la tatu, liweke kavu, rudi nyuma hatua mbili utazame kwa jicho moja. Kama omo inagusa upinde, sogeza sasa. Gundi ikishashika dakika 10 huna tena nafasi.

Imeshika. Nimeiacha tangu asubuhi na sasa ni saa kumi na moja jioni, jua linaingia kwa ubavu. Nakiweka dirishani, nakigeuza polepole kuelekea mwanga. Tazameni upinde, msitazame jahazi. Kivuli chake kiko kwenye maji... kinapanda... kimefika omoni, sasa kimepanda tanga. Ngojeni niisogeze kamera. Hapo.