Jicho Zima, Ubongo Usioona

Fumbeni jicho la kushoto. Nyosheni mikono yote miwili mbele, vidole gumba vikiwa juu na vimekaribiana. Jicho la kulia likodolee gumba la kushoto, lisibanduke. Sasa sogezeni gumba la kulia polepole kuelekea kulia. Likifika karibu shibiri moja, ncha yake inapotea. Mmeona? Mahali pale mshipa wa fahamu unatoka nje ya jicho, na hakuna chembe ya kupokea mwanga. Lakini hamkuona shimo. Mliona ukuta umeendelea. Ubongo umejaza pengo kwa kukisia kutokana na vilivyo kando, na umekuwa ukifanya hivyo tangu mlipoamka.

Nimeanzia hapo kwa sababu nimechoka kusikia kwamba jicho ndilo linaloona. Jicho linapokea mwanga na kuugeuza kuwa ishara za umeme, basi. Kuona kunafanyika huku kisogoni, na sehemu hiyo ya ubongo isipofunzwa utotoni haifunziki vizuri tena.

Miaka ya 1960, watafiti David Hubel na Torsten Wiesel wa Chuo Kikuu cha Harvard walishona kope za jicho moja la vitoto vya paka kabla macho hayajafumbuka. Wakangoja, kisha wakafungua nyuzi. Jicho lilikuwa zima: lenzi safi, mboni inasinyaa ikimulikwa. Lakini paka hakuona kwa jicho lile. Wakachomeka waya mwembamba sana kwenye ubongo wake, wakasikiliza seli mojamoja. Karibu zote ziliitikia jicho lililoachwa wazi. Lile jingine lilikuwa limenyang'anywa nafasi yake. Sasa sikilizeni linalonikosesha usingizi: walipolifunga jicho la paka aliyekwisha kukomaa, kwa muda mrefu vilevile, hakuna kilichoharibika. Miezi ileile, jicho lilelile, tofauti ni umri tu. Mwaka 1981 walipewa Tuzo ya Nobel. Sisi huku bado tunamwambia mama wa kichanga mwenye mtoto wa jicho, yaani ukungu kwenye lenzi ya jicho, “Mtoto bado mdogo, ngoja akue ndipo apasuliwe.”

Akue afikie wapi? Mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho mzito anahitaji upasuaji ndani ya wiki sita hadi nane hivi za mwanzo. Najua mtaniambia dawa ya usingizi ni hatari kwa kichanga. Ndiyo, ina hatari, ndiyo maana anapelekwa kwa wataalamu wa watoto. Kungoja nako kuna hatari, ila hatuihesabu kwa kuwa haina damu.

Wengine watanitajia watoto wa India waliozaliwa hawaoni, wakafanyiwa upasuaji wakiwa wakubwa wakaona. Ni kweli, na nafurahi mno. Mtafiti Pawan Sinha na wenzake waliwapima watano, wa miaka 8 hadi 17. Mara baada ya upasuaji walishika kitu kwa mkono, wakashindwa kukitambua kwa macho. Baada ya siku chache wakaanza kuweza. Kwa hiyo aliyechelewa msimfungie mlango, mpelekeni. Lakini waliocheleweshwa hivyo kwa kawaida hawapati uoni mkali kama wa wenzao. Hilo msilifiche.

Kuhusu masikio nilitaka kusema mengi. Kwa kifupi, kanuni ni ileile: mtoto kiziwi apimwe mapema, apate lugha mapema, iwe ya sauti au ya ishara. Na chanjo ya rubela msiipuuze, kwa sababu ugonjwa huo ukimpata mjamzito anaweza kuzaa mtoto mwenye mtoto wa jicho na uziwi pamoja.

Wauguzi wa kliniki, mboni yenye weupe ni rufaa siku hiyohiyo, kwa sababu inaweza pia kuwa saratani ya jicho, nayo inaua. Na wazazi, upasuaji ukiisha kazi haijaisha. Miwani ivaliwe. Mkiambiwa mfunike jicho lenye nguvu ili lile dhaifu lifanye kazi, lifunikeni kwa saa mlizoelekezwa, hata akilia. Haya, maswali. Tuanze na mama aliyembeba mtoto pale nyuma.