Ukiachia mafuta, umeachia usukani

ZENA: Karibuni tena. Kaka Kombo, kabla hujaanza na hiyo karatasi yako, nina jambo la Jumapili.

KOMBO: Karatasi ishafunguka, mdogo wangu. Mafunzo matano ya kutoka mara za kwanza na boti ya jeti, ile inayosukumwa kwa kurusha maji, nimeyapanga vizuri. Lakini sema, naona umekuja nalo moyoni.

ZENA: Mnajua boti mpya sasa iko majini. Jumapili nikamchukua mjomba. Wanaotusikiliza siku zote wanamjua: ndiye aliyenifundisha kushika usukani, na maisha yake yote ni maboti ya pangaboi, yale yanayosukumwa na mapanga yanayozunguka majini. Wakati wa kurudi nikampisha kwenye usukani. Tunaikaribia gati, si kwa mbio, ila mwendo bado upo. Upepo unatusukuma ubavuni. Mjomba akaona nguzo ya pembeni inatujia, akafanya anachofanya miaka yote: akaachia mafuta, akakata usukani kulia. Usukani ukaenda mpaka mwisho. Boti haikugeuka.

KOMBO: Ikanyooka.

ZENA: Ikanyooka kuifuata nguzo. Nawaona chaza walioshikamana pale maji yanapoishia, mmoja mmoja. Mjomba anaurudisha usukani, anaukata tena, hakuna kitu. Nikapitisha mkono juu ya mkono wake, nikasukuma mafuta.

KOMBO: Mbele?

ZENA: Mbele, na usukani bado umekatwa kulia. Maji yakatoka kwa nguvu, omo, yaani mbele ya boti, ikaingia kulia, tezi, yaani nyuma, ikatupwa kushoto. Hapo nikahofia tezi ndiyo itakayogonga. Haikugonga. Ungenyoosha mkono ungeigusa ile nguzo. Mjomba hakusema neno mpaka tumefunga kamba, ndipo akaniuliza, "Zena, hii boti usukani wake uko wapi?"

KOMBO: Hilo swali ndilo funzo la kwanza kwenye karatasi. Wallahi, ndilo.

ZENA: Basi mjibu mjomba, anasikiliza.

KOMBO: Shikamoo mjomba. Jibu ni kwamba usukani wa boti hii ni maji yenyewe. Kwenye boti ya pangaboi, hata ukiachia mafuta, mguu wa injini bado umezama, au kama ni ya ndani kuna bamba la usukani, na kile kilichozama kinaendelea kuyakata maji kidogo. Boti inatii, ingawa kwa uzito. Boti ya jeti haina kitu kilichoning'inia chini. Tumboni, karibu na tezi, kuna mdomo wenye wavu. Maji yanaingia hapo, impela, gurudumu la mapanga lililo ndani, inayasukuma, mabawa yaliyotulia nyuma yake yanayanyoosha yasizunguke, kisha yanabanwa kwenye nozeli, tundu jembamba la kutokea, yakatoka kwa kasi. Ukikata usukani unageuza nozeli, basi. Sasa kama hakuna maji yanayotoka, unageuza bomba tupu.

ZENA: Ukiachia mafuta, umeachia usukani.

KOMBO: Iandikwe kwa rangi nyekundu mbele ya kila anayeishika kwa mara ya kwanza. Na cha pili ni ile ndoo.

ZENA: Kaka, hilo ni funzo la tatu kwenye karatasi.

KOMBO: Linaingia hapahapa. Boti nyingi za namna hii hazina giaboksi. Injini ikiwaka, impela inazunguka, maji yanatoka. Kinachofanya boti isimame ni ndoo ya chuma inayoshuka nyuma ya nozeli, pale maji yanapotokea. Ikishuka nusu, maji mengine yanaenda nyuma, mengine yanarudishwa mbele, nguvu mbili zinakabana. Mtu anaona wenzo uko katikati, anadhani boti imepumzika, anageuka kushika kamba. Akiangalia tena, chombo kimeshatambaa. Au watu wanaogelea nyuma na yeye anasema "niko katikati". Hapana! Mdomo ule bado unavuta. Nywele ndefu, kamba ya jaketi, mkanda wa nguo, vyote unavivuta. Mtu akiwa majini karibu na tezi, injini izimwe kabisa na ufunguo utoke. Hilo sijadiliani na yeyote.

ZENA: Na mimi silijadili. Twende funzo la pili.

KOMBO: Subiri. Mjomba kauliza usukani uko wapi, na mimi nimemjibu nusu. Kuna sababu ya boti hii kuwa hivi.

ZENA: Najua unakokwenda. Unakwenda New Zealand.

KOMBO: Nakwenda New Zealand! Kuna mfugaji, Bill Hamilton, shamba lake liliitwa Irishman Creek, kisiwa cha kusini. Mito ya huko inashuka milimani, ina kasi, imejigawa vijito vijito juu ya kokoto, na mahali pengine maji hayafiki gotini. Pangaboi haiwezi kuishi humo, jiwe la kwanza tu limeivunja. Yeye alitaka kupanda mto, si kushuka nao. Kuanzia miaka ya 1950 mwanzoni akawa anajaribu kusukuma boti kwa maji.

ZENA: Lakini hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo.

KOMBO: Hakuwa, na mwenyewe alikiri, heshima akampa Archimedes wa Ugiriki ya kale. Mitambo ya kusukuma maji ilikuwepo. Ila mwanzoni maji yalitokea chini ya tumbo la boti, na boti ikawa nzito, inajikokota. Hamilton akahamisha tundu la kutokea, akaliweka nyuma, juu kidogo ya usawa wa maji. Maji yakawa yanarushwa hewani badala ya kusukumwa ndani ya maji mengine, na chini hakukubaki chochote cha kukwama. Mwendo ukabadilika pale pale. Watu wengi wakiona ule mkia wa maji wanadhani ni mapambo.

ZENA: Na wanadhani boti inasukumwa kwa maji kuyapiga maji ya nyuma.

KOMBO: Wanadhani hivyo! Kumbe nguvu inatokana na kule kuyarusha tu. Shika mpira wa kumwagilia bustani, fungua maji yote, utasikia unavyokusukuma mkono kurudi nyuma, na hapo maji yanapiga hewa tu. Mwaka 1960 boti zake zikapanda mto Colorado, Marekani, kupitia korongo la Grand Canyon, kupanda, kinyume cha maporomoko yale. Halafu 1977, Edmund Hillary—

ZENA: Wa Everest.

KOMBO: Huyo aliyepanda na Tenzing Norgay mwaka 1953. Akachukua boti tatu za jeti, akaanzia baharini, akaufuata mto Ganges kuelekea Himalaya. Umati wa watu ukingoni. Wakapanda mpaka Nandprayag, maporomoko ndiyo yaliyowazuia. Kutoka baharini, Zena! Hakuna pangaboi ambayo ingefika pale.

ZENA: Nalipenda hilo simulizi, na kila ukilisimulia unaongeza sauti. Lakini mtu aliyenunua boti juzi akisikia "Ganges" atafanya nini? Atakwenda kwenye maji ya kifundoni kesho yake. Watengenezaji wengi wanaonya usiwashe injini kwenye maji yaliyo chini ya sentimita 60 hadi 90.

KOMBO: Kweli, na ni vizuri umelisema. Boti ikiwa imepanda juu ya maji, inakimbia, inapita mahali penye maji kidogo ajabu. Ikiwa imetulia, tumbo limezama na mdomo unavuta wima kutoka chini. Mchanga, kokoto, majani, mfuko wa plastiki, vyote vinapanda. Na kurudi nyuma kwenye maji mafupi ndiko kubaya zaidi, kwa sababu ndoo inarusha maji mbele chini ya boti, yanachimbua mchanga, na mdomo wako mwenyewe unaumeza.

ZENA: Mchanga unakula pete inayoizunguka impela.

KOMBO: Nafasi kati ya impela na pete haifiki hata milimita moja inapokuwa nzima. Ikitanuka, maji yanavujia pembeni, viputo vinajaa. Utajua kwa sikio: injini inapanda juu, inalia, mwendo hauongezeki. Mfuko ukikwama kwenye wavu unasikia vilevile. Zima, chungulia, safisha. Usiongeze mafuta ukidhani itajitoa.

ZENA: Sawa. Sasa turudi gatini, maana baada ya Jumapili nimeamua. Nafunga mapezi.

KOMBO: Usifunge.

ZENA: Nimeshaagiza. Kwa wasioyajua: ni mabamba mawili yanayokaa pembeni ya nozeli na kugeuka nayo. Mafuta yakiwa madogo au yameachiwa, yanakata maji, boti inapata walau kitu cha kutii. Na kwenye mwendo mdogo inaacha ule uyumbaji wa kushoto kulia unaowachosha wageni wote.

KOMBO: Zena, boti umeichagua kwa sababu chini yake ni safi. Sasa unarudisha vitu vya kuning'inia. Ukipita juu ya jiwe, pezi ndilo litakalogonga, na limefungwa kwenye nozeli, sehemu ambayo ni moyo wa chombo. Tena yanakamata majani.

ZENA: Mimi sipandi mto Ganges. Mimi natoka gatini, naingia kwenye kina, narudi gatini na watoto wa dada yangu ndani. Hatari yangu iko gatini.

KOMBO: Basi jifunze gati. Tupa boya mahali pa wazi, lisogelee, achia mafuta makusudi, ona boti inavyokataa. Rudia tena, safari hii ongeza mafuta kidogo na ukate. Rudia mpaka mkono uzoee. Na ufike gatini polepole kiasi kwamba hata ukigonga, unaliweka dafrau, ule mto wa kukinga ubavu, na unacheka. Hayo ndiyo mafunzo. Mapezi yanakupa imani ambayo si ya kweli, maana yanageuza kidogo tu, hayageuzi kama mafuta. Siku utakayoyategemea kwa kasi kubwa ndiyo siku utakayoumia.

ZENA: Nakubali yanageuza kidogo. Kidogo ndicho nilichokosa Jumapili. Na hili la mkono kuzoea, ngoja. Mjomba ana miaka mingi ya kuzoea. Hofu ilipomshika, mkono ulifanya nini? Uliachia. Kila mtu anayeona kitu kinamjia anaachia. Unataka kumfundisha binadamu aongeze mwendo kuelekea nguzo!

KOMBO: Mkono wa mjomba ulifanya ulichofundishwa, ndiyo hoja yangu. Ulifundishwa na pangaboi. Ungefundishwa na jeti ungesukuma. Wa kwako haukusukuma?

ZENA: Wangu haukuwa na usukani. Nilikuwa nimekaa pembeni naangalia, akili imetulia. Sijui ningefanya nini ningekuwa mimi niliyeshika.

KOMBO: Ungesukuma.

ZENA: Wewe unasema. Mimi sitaweka watoto wa dada yangu kwenye "ungesukuma".

KOMBO: Na mimi sitamwambia msikilizaji aliyenunua boti jana kwamba suluhisho linauzwa dukani, kabla hajatupa boya na kujaribu.

ZENA: Sijasema asijaribu. Nasema afanye yote mawili.

KOMBO: Akiwa na mapezi hatajaribu. Namjua binadamu.

ZENA: Na mimi namjua. Ndiyo maana nafunga.

KOMBO: Haya.

ZENA: Haya. Tumekwama, kaka, na saa inanionyesha hatuna hata dakika tatu. Karatasi imefika wapi?

KOMBO: La kwanza limekwisha, la tatu tumeligusa. La pili lilikuwa kugawa uzito, tezi isijazwe watu. La nne, kutosimamisha boti ghafla, wimbi lako mwenyewe likakujia kwa nyuma na kuingia ndani. La tano lilikuwa refu.

ZENA: Yaache, hayaenei. Sema yale ambayo mtu anaweza kuharibu nayo boti wikiendi hii.

KOMBO: Nguruzi, kizibo cha tundu la kutolea maji. Kabla boti haijagusa maji, ishike kwa vidole uhakikishe imekaza. Kamba ya kuzimia injini, ifunge mwilini. Kama injini ni ya petroli na iko ndani, fungua chumba chake unuse, washa feni itoe mvuke kwa muda ulioandikwa kwenye kitabu, ndipo upige stata.

ZENA: Na kuosha, kwa wanaotumia maji ya chumvi. Hili lina mpangilio wake na wengi wanaugeuza. Kwenye boti zinazopozwa kwa maji ya nje, unaunganisha mpira, unawasha injini kwanza, kisha unafungulia maji. Ukimaliza unafunga maji kwanza, kisha unazima injini.

KOMBO: Ukifungulia maji na injini imezimwa, hakuna moshi wa kuyasukuma nje, yanajaa kwenye ekzosi na yanaweza kurudi mpaka ndani ya injini.

ZENA: Na ukishafunga maji usiiache ikinguruma kavu. Sekunde chache za kutoa yaliyobaki, basi. Angalia kitabu cha boti yako kimeandika ngapi.